Nikon D1: Megapikseli 2.7 zilivyotosha kuiondoa filamu magazetini

Simu ya kawaida ya leo, hata ile ya bei ya chini, hujisifu kwa megapikseli 13, 50 na kuendelea. Nikon D1, kamera iliyotangazwa tarehe 15 Juni 1999, ilikuwa na megapikseli 2.7. Picha yake kubwa kuliko zote ni pikseli (nukta zinazounda picha) 2000 kwa 1312, basi. Lakini waulize wapiga picha wa habari wa kizazi kile ni lini waliiweka filamu kando, na jina la kamera hiyo litatajwa mapema sana. Kijana aliyeanzia kwenye simu akisikia hivyo hushangaa: filamu nzuri ilikuwa na undani zaidi ya huo, iweje ishindwe na kitu chenye picha ndogo namna hiyo?

Ni swali la haki kabisa. Ili kulijibu, tuifuate picha moja kutoka uwanjani hadi kwenye ukurasa wa gazeti.

Chukua mechi ya usiku mwaka 1995. Mpiga picha ameketi nyuma ya goli na lenzi ya mm 300, ya kuvuta mbali. Kamera yake ina filamu ya picha 36, na bao likiingia wakati filamu inajirudisha, limempita. Tuseme bahati iko upande wake na amelipata. Sasa filamu lazima itoke uwanjani, mara nyingi wakati wa mapumziko, ipelekwe kwenye chumba cha giza. Akiwa safarini, chumba hicho ni bafu la hoteli: taulo limezibwa chini ya mlango, chupa za dawa zimepangwa ndani ya beseni la maji ya moto. Filamu ya rangi ya negativu husafishwa kwa mtiririko uitwao C-41, na dawa ya kwanza hukaa na filamu dakika 3 na sekunde 15, kwenye nyuzijoto 37.8, joto la mtoto mwenye homa ndogo. Dawa ikipoa kidogo, rangi zinaharibika. Baada ya hapo kuna dawa nyingine, kuna kusuuza, kuna kukausha kwa kikaushia nywele. Kisha anachagua picha moja au mbili kwa kuzitazama zikiwa kinyume, nyeusi ikiwa nyeupe, anaziingiza kwenye skana, anazituma kwa laini ya simu. Wakati wote huo mhariri wa picha anatazama saa, kwa sababu mtambo wa kuchapa haumsubiri mtu.

Sasa toa bafu, toa dawa, toa skana. Kinachobaki ni kadi ndogo inayochomolewa kwenye kamera na kuchomekwa kwenye kompyuta. Gazeti lilikuwa likinunua dakika hizo, na lilikuwa tayari kuzilipia kwa kupunguza undani wa picha.

Undani kiasi gani ulitosha?

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo inayofungua fundo lote. Gazeti huchapwa kwa vidoti vya wino vilivyopangwa kwa mistari. Karatasi ya gazeti ni nyepesi na hunywa wino, kwa hiyo vidoti haviwezi kusongamana sana. Kipimo kilichozoeleka ni mistari 85 kwa inchi moja. Wachapaji hutaka pikseli karibu mbili kwa kila mstari, yaani pikseli 170 kwa inchi. Gawanya 2000 kwa 170 unapata inchi 11.8, karibu sentimita 30. Huo ni upana mzima wa ukurasa wa gazeti la ukubwa mdogo, tena na ziada kidogo.

Kwa hiyo kwa gazeti, pikseli za D1 zilijaza ukurasa. Filamu ilikuwa na undani zaidi, naam, lakini undani ule uliishia mtamboni. Karatasi haikuweza kuubeba. Ukihamia kwenye jarida la karatasi ya kung'aa, linalotaka pikseli 300 kwa inchi, faili ileile inapungua hadi sentimita 17 kwa 11. Hapo si picha ya ukurasa mzima tena. Ndiyo maana wapiga picha wa majarida, matangazo na mandhari walibaki na filamu miaka kadhaa zaidi, nao hawakuwa wakaidi. Kazi zao zilikuwa na karatasi tofauti.

Ukiielewa hesabu hii, utaona pia kwa nini mabishano ya "kamera gani ina megapikseli nyingi" huwa hayaishi. Pikseli hazina thamani mpaka ujue picha inakwenda kutua wapi.

D1 haikuwa ya kwanza

Hili watu hulichanganya mara nyingi. Kamera za kidijitali za kitaalamu zilikuwepo miaka minane kabla. Kodak ndiyo iliyotangulia. Mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975: mzigo wa kilo 3.6, picha ya pikseli 100 kwa 100, na sekunde 23 za kuiandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak ikatoa DCS, iliyokuja kuitwa DCS 100 baada ya ndugu zake kuzaliwa. Ilikuwa ni Nikon F3, kamera ya filamu, iliyovuliwa mgongo na kuvikwa kihisi, chipu inayopokea mwanga badala ya filamu, cha megapikseli 1.3. Picha hazikuhifadhiwa ndani ya kamera. Waya ulitoka kwenye kamera hadi kwenye sanduku lililoning'inia begani, na ndani ya sanduku kulikuwa na diski ya megabaiti 200, betri na kioo kidogo cha kutazamia picha zisizo na rangi. Diski ile ilibeba picha 156. Bei ilianzia karibu dola 20,000, na zilizouzwa zote hazikufika elfu moja.

Hebu fikiria kumkimbilia mwanasiasa anayeshuka kwenye gari huku sanduku linakugonga nyonga na waya umekuzunguka. Hata hivyo wapo waliokimbia nalo, kwa sababu mashirika ya habari tayari yalijua dakika zina thamani gani. Miaka iliyofuata Kodak iliendelea kwa njia ileile: inachukua kamera ya filamu ya Nikon au Canon na kuifungia mgongo wa kidijitali. Kamera zilipungua ukubwa, sanduku likaondoka, lakini muungano ulibaki kuwa muungano. Sehemu ya juu ilikuwa ya kampuni moja, sehemu ya chini ya nyingine, na bei ilizidi dola 10,000 kirahisi.

Nikon nayo ilijaribu na Fujifilm, wakatoa E2 mwaka 1995. Kihisi chake kilikuwa kidogo sana, kwa hiyo waliweka lenzi za ziada ndani ya mwili wa kamera ili kuipunguza picha yote itoshee juu yake. Wazo zuri, gharama kubwa: mwanga ulilazimika kupita kwenye njia nyembamba, na hata ukifunga lenzi ya f/2.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga, kamera ilifanya kazi kana kwamba una f/6.7, tundu dogo. Kwa mechi ya usiku huo ni msiba.

D1 iliondoa mambo hayo yote kwa pamoja. Ilibuniwa nzima na kampuni moja, ikawa mwili mmoja wa aloi ya magnesi wenye kishikio cha wima kilichojengwa humohumo. Na bei ikatangazwa chini ya dola 6,000. Japani ilikuwa yeni 650,000. Bado ni fedha nyingi, lakini mhasibu wa gazeti aliyezoea kulipia filamu, dawa na mafundi wa chumba cha giza aliweza kukaa na kalamu akaona itajilipa.

Kuna jambo jingine lililoamua mchezo, nalo halionekani kwenye orodha ya sifa: mdomo wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera. Nikon walikuwa wakitumia mdomo uleule, uitwao F, tangu mwaka 1959. Gazeti lenye kabati la lenzi za mm 300 na mm 400, kila moja ikiwa na bei ya kutisha, halikulazimika kuuza hata moja. Unafungua lenzi kwenye F5 yako, kamera ya filamu ya Nikon, unaifunga kwenye D1, unaendelea na kazi. Vitufe navyo vilikuwa pale vidole vilipozoea kuviokota gizani.

Ndani ya kihisi

D1 ilitumia kihisi cha aina ya CCD, kilichobuniwa na Willard Boyle na George E. Smith kwenye maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2009. Mwanga ukigonga silikoni huachia elektroni, na kila kijisima kidogo juu ya chipu hukusanya elektroni zake kadiri ya mwanga ulioangukia hapo. Tatizo ni kuzihesabu. Umewahi kuona vibarua wakipandisha matofali ghorofani? Hawapandi kila mtu na tofali lake. Wanajipanga mstari kwenye ngazi na kupokezana, tofali linatoka mkono hadi mkono mpaka kwa fundi wa juu. CCD hufanya vivyo hivyo: kila kijisima humsukumia jirani mzigo wake, safu kwa safu, mpaka mwisho wa mstari ambako kuna kipimo kimoja kinachohesabu wote. Matokeo ni safi na yana uwiano, kwa kuwa kila mzigo umepimwa na mizani moja. Lakini foleni ni foleni. Ukiwa na vijisima vingi, foleni inarefuka.

Sasa linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye kamera hii. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kihisi cha D1 hakikuwa na vijisima milioni 2.7. Kilikuwa na milioni 10.8. Nikon walivikusanya vinne vinne, kila kikundi kikifanya kazi kama kijisima kimoja kikubwa chini ya rangi moja ya kichujio kinachoiwezesha chipu kutofautisha rangi. Mtu wa leo anaweza kuuliza kwa nini wazitupe pikseli milioni nane. Hawakuzitupa. Vijisima vinne vikichanga mwanga wao, kipimo kinakuwa na nguvu zaidi ya kelele za umeme, na hiyo ndiyo iliyowezesha D1 kufika ISO 1600, wepesi wa kunasa mwanga hafifu, na picha ikatumika gazetini. Na foleni ikafupika: kamera ilipiga picha 4.5 kwa sekunde, hadi 21 mfululizo kabla ya kutulia. Hizo ni sekunde nne na nusu hivi za kubonyeza bila kukoma, muda wa krosi kupigwa, kichwa kuruka na wachezaji kukimbilia kibenderani.

Miaka miwili baadaye Nikon walikitoa kihisi cha ukoo uleule kikiwa kimegawanywa vingine, kwenye D1X. Safari hii vijisima vilikusanywa viwili viwili, kimoja juu ya kingine, kila pikseli ikawa na urefu mara mbili ya upana wake. Hesabu ikapanda hadi milioni 5.3. Kompyuta ndani ya kamera ndiyo iliyozinyoosha pikseli hizo za mstatili ziwe za mraba.

CCD ile ilileta faida nyingine ambayo wapiga picha wa mchana wa jua kali waliililia ilipoondoka. Kamera ya filamu hufunika filamu kwa mapazia mawili. La kwanza linafungua, la pili linafuata na kufunga. Ukitaka kasi kubwa, la pili linaanza kukimbia kabla la kwanza halijafika, na mwanga unapita kwenye ufa mwembamba unaosafiri. Flashi inawaka mara moja, kwa muda mfupi mno. Ikiwaka wakati kuna ufa tu, inaangaza ukanda mmoja na picha iliyobaki ina giza. Kwa hiyo kila kamera ina mwisho wa kasi inayoafikiana na flashi. Kwa F5 ilikuwa 1/250 ya sekunde. Kwenye D1, mapazia hayakuwa peke yao: kihisi chenyewe kiliweza kuambiwa kwa umeme "anza kukusanya" na "acha". Mapazia yakiwa wazi kabisa, muda ukawa unakatwa na chipu. Kasi ya flashi ikaruka hadi 1/500, na kasi ya juu ya kamera hadi 1/16,000.

Mpige mtu picha saa saba mchana akiwa amevaa kofia. Uso wake uko kwenye kivuli cheusi, na mbingu nyuma yake inawaka. Unahitaji flashi iutie uso nuru, na unahitaji kasi kubwa ili mbingu isiungue. Kutoka 1/250 hadi 1/500 unaupunguza mwanga wa jua kwa nusu, wakati mwanga wa flashi haujapungua chochote. Anayepiga picha karibu na ikweta anajua hiyo nusu ina maana gani.

Mambo yaliyowatesa

Kihisi cha D1 kilikuwa na milimita 23.7 kwa 15.6, wakati filamu ni 36 kwa 24. Lenzi inatoa picha ileile, ila kihisi kinakata sehemu ya katikati tu. Ukifunga mm 300, unaona kile ambacho filamu ingekiona kwa mm 450. Wa michezo walifurahi: goli la mbali limesogea bure. Waliopiga ndani ya vyumba vidogo walilia, kwa kuwa lenzi pana ya mm 20 ilibanwa ikawa kama mm 30. Nikon walileta lenzi ya mm 17–35 mwaka huohuo, lakini pana halisi ya kihisi hiki, mm 12–24, haikuja mpaka 2003. Kwa nini wasitengeneze kihisi kikubwa tangu mwanzo? Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani ya duara ya silikoni, na sahani hiyo haikosi madoa. Chipu zikiwa ndogo, doa moja linaharibu moja kati ya nyingi. Zikiwa kubwa, doa lilelile linakula sehemu kubwa ya mavuno. Nikon walisubiri hadi D3 ya mwaka 2007 kutoa kihisi cha ukubwa wa filamu.

Rangi ndizo zilizoleta ugomvi mkubwa. Kwa kompyuta, rangi ni namba, na namba haina maana bila kujua kipimo. Mchele wa vibaba kumi unategemea kibaba cha nani. D1 iliandika rangi zake kwa kibaba kikubwa, kiwango cha NTSC cha televisheni ya Marekani cha mwaka 1953, wakati kompyuta nyingi zilisoma kila picha kwa kibaba kidogo cha sRGB, kiwango kilichopendekezwa na Microsoft na Hewlett-Packard mwaka 1996. Namba ni zilezile, rangi zinatoka zimepauka, na ngozi ya mtu inapoteza uhai. Kihisi hakikuwa na kosa. Ilibidi faili ifunguliwe kwa programu inayoelewa viwango vya rangi, kisha ibadilishwe kwenda kipimo sahihi, moja baada ya nyingine au kwa mkupuo. Waliojua hatua hiyo walipata rangi nzuri. Wasiojua waliilaani kamera.

Kisha vumbi. Filamu kila picha inakuja na uso mpya. Chembe iliyotua inaondoka na picha yake. Kihisi hakiondoki. Chembe moja ikitua juu ya kioo chake wakati unabadili lenzi, inakaa mahali palepale kwenye picha mia zinazofuata, kidoa cha kijivu angani, na ukifunga tundu hadi f/16 kinakuwa wazi zaidi. Wapiga picha walijifunza kuielekeza kamera chini wanapobadili lenzi, na kubeba pampu ya mpira ya kupulizia.

Betri pia. F5 ilitumia betri nane ndogo za kawaida zinazouzwa kila duka. D1 ilitaka pakiti yake maalumu, EN-4, ya nikeli na haidraidi ya metali, ambayo huvuja chaji hata ikiwa imelala begini. Uliyoijaza Jumamosi haikuwa imejaa Jumamosi iliyofuata. Mtu alitembea na mbili au tatu, pamoja na chaja. Na mipangilio maalumu ya kamera ilionekana kwenye kidirisha cha nyuma kwa namba tupu, bila neno hata moja, hivyo mwongozo wa kukumbusha namba ipi ni nini ulikaa begini karibu na betri hizo.

Mwaka 2001 Nikon walileta D1H na D1X zenye marekebisho ya mengi kati ya hayo, na Canon wakajibu kwa EOS-1D yenye megapikseli 4 na picha nane kwa sekunde. Ushindani ukawa kati ya wenye kutengeneza kamera nzima. Kodak, waliofungua njia, waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Ile flashi ya 1/500 nayo ilirudi 1/250 kwenye Nikon D2H ya mwaka 2003, iliyotumia kihisi cha aina nyingine.

Kama unayo D1 kabatini, au umerithi diski ya picha zake, tazama kama kuna faili zenye mwisho wa NEF. Hizo ni vipimo vya kihisi kabla kamera haijaamua rangi, biti 12 kwa kila pikseli, karibu megabaiti 4 kwa picha. Kadi ya megabaiti 64 ilibeba 16 tu, na ndiyo maana wengi walipiga JPEG, faili ndogo zilizobanwa. Aliyekubali kubeba kadi nyingi leo anaweza kuzifungua faili hizo kwa programu ya sasa, kuchagua kibaba sahihi, na kuiona ngozi ya mtu wa mwaka 1999 ikiwa na rangi ambayo mwenye kamera hakuwahi kuipata siku ile.